Mistari mitano chini ya "Machapisho": kisa cha mwanafunzi wa uuguzi na abstrakti zake

Nianze kwa kusema binti mwenyewe kaniruhusu niandike, ila nisitaje jina, chuo wala mradi, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimevigeuza. Mi nipo kwenye utafiti wa fildi mwaka wa 9 sasa, nilianza kwa kubeba madodoso, kwa hiyo siandiki kama hakimu, makosa mawili kati ya haya nimeshayafanya mwenyewe na moja lilinigharimu.

Yuko mwaka wa 4, shahada ya uuguzi, Dar. Tangu mwaka wa 2 likizo zake zote zimeishia kwenye mradi mmoja wa malaria kwa wajawazito. Saa moja asubuhi yuko kliniki na kishkwambi, anafungua kadi za akina mama anahesabu dozi za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, zile tembe 3 ambazo mjamzito anazimeza palepale nesi akimwangalia. Waliowahi kushika kadi za kliniki wanaijua hiyo kazi. Kadi imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta, tarehe imeandikwa juu ya tarehe nyingine, nesi huyu kaandika namba ya dozi yule kaweka tiki tu, sasa tiki ya lini? Ye ndo alikuwa anakaa na mama pembeni anamuuliza taratibu, ulimeza kabla ya Idi au baada ya Idi, tumbo lilikuwa limeshaanza kuonekana au bado, mpaka tarehe inapatikana.

Mwaka jana akaomba skolashipu ya masters ya epidemiolojia, akaitwa usaili wa mtandaoni, na kuitwa tu si haba. Usaili haukwenda vizuri. Wiki mbili baadaye ikaja ile barua pepe ya "tunasikitika kukujulisha". Jumamosi yake akatokea kwangu, "shikamoo dada", hata marahaba sijaimalizia keshafungua laptopu mezani, anataka nimwambie CV ina nini.

CV ni ya Kiingereza ila hapa nitaisema kwa Kiswahili. Kurasa 2, safi, haina mbwembwe. Chini ya elimu kuna kichwa kikubwa cha herufi nzito, MACHAPISHO, halafu mistari mitano, na yote mitano inaanza hivyo hivyo: jina lake, "na wenzake", mwaka, kichwa cha kazi, jina la kongamano. Basi. Ukiitazama haraka unasema huyu mtoto wa mwaka wa 4 ana pepa 5 na zote ye ndo mwandishi wa kwanza, ambayo hata baadhi ya wanaomfundisha hawana.

Nikamwambia tufungue moja moja.

Mstari wa kwanza ni abstrakti (muhtasari mfupi wa utafiti, ikisiri kwa wale wa Kiswahili sanifu) ya kongamano la hapahapa nchini, dozi za SP na uzito wa mtoto anapozaliwa. Kwenye kitabu cha kongamano majina yako 7, lake la 3. Iliwasilishwa kama bango na aliyesimama pembeni ya bango kutwa nzima ni yeye, supavaiza alikuwa safarini. Mstari wa pili ni kazi hiyohiyo, kichwa kimegeuzwa maneno mawili, ikapelekwa kongamano la Nairobi na safari hii supavaiza ndo alisimama kuzungumza. Mstari wa tatu ni wa mkutano mkubwa wa magonjwa ya tropiki kule Marekani, kazi ya maabara kuhusu vinasaba vya vimelea, majina 13, lake la 6. Wa nne ilikuwa imetumwa tu kongamano fulani, hata jibu lilikuwa halijarudi. Wa tano, ule wa mwisho kabisa ambao aliuweka chini kwa aibu maana "ni ya siku ya utafiti ya chuo tu dada", ndo kazi yake mwenyewe: alihoji akina mama 38 kujua kwa nini wanaanza kliniki wakiwa wameshapita wiki 12. Jina lake la kwanza, la supavaiza la pili, imeisha.

Sasa usaili. Jopo la watu 3. Wa kwanza akamuuliza mstari wa kwanza, hizo dozi mlizipataje, kwa kuuliza au kwenye kadi? Anasema hapo alitiririka kama dakika 4 mpaka wakamkatisha, kaeleza kadi zinavyosomeka na zisivyosomeka, kaeleza walifanyaje pale kadi inasema dozi 2 na mama anasema 3, na kwa nini wakati mwingine mama anasema 3 kwa sababu anahesabu na tembe zenyewe. Huyo mjumbe alikuwa anacheka. Hapo alikuwa kashinda.

Wa pili akachukua mstari wa tatu. Mmeandika mabadiliko ya 581 kwenye jeni ya dhps, tueleze yanamaanisha nini kwa mama anayemeza SP. Kimya. Akajaribu kusema ni usugu wa dawa. Akaulizwa tofauti yake na yale ya 540. Kimya tena. Kwa wasiojua, dhps ni jeni ya kimelea cha malaria, mabadiliko ya 540 yameenea sana huku kwetu Afrika Mashariki, ya 581 yakiongezeka juu yake ndo wataalamu wanaanza kuhofia SP haitamkinga mama na mtoto kama inavyotakiwa, na kaskazini mashariki mwa Tanzania kule upande wa Tanga yameshaonekana miaka mingi. Hayo yote yalikuwa ndani ya abstrakti yenye jina lake. Ye kwenye kazi hiyo alichofanya ni kumchoma mama kidole, kudondosha damu kwenye karatasi ya kuchujia, kuianika ikauke, kuitia kwenye kimfuko cha plastiki chenye pakiti ya kunyonya unyevu na kuipeleka maabara kwa daladala. Kiongozi wa maabara kwa roho yake nzuri akaliweka jina. Abstrakti yenyewe binti alikuja kuiona imeshatoka, mtu kamrushia linki WhatsApp na vigelegele.

Wa tatu ndo akamaliza. Alikuwa kimya muda wote, kumbe anagoogle. Akasema kwa upole tu, naona hapa umeandika wewe na wenzako, ila kwenye kitabu cha mkutano jina lako ni la sita. Hii ni ipi?

Binti anasema alisikia masikio yanawaka.

Nikamuuliza, we ulikuwa unajua ni la sita? Alikuwa anajua. Kwa nini uliandika hivyo? Kwa sababu kuna kaka mmoja aliyewatangulia mwaka mmoja alirusha CV yake kwenye grupu na imeandikwa hivyohivyo, ye akakopi fomati. Hakuwaza kudanganya. Alidhani "na wenzake" maana yake ni mimi pamoja na wenzangu, yaani nilikuwemo. Na ukifikiria kwa Kiswahili cha kawaida ndo hivyo kabisa, nikikwambia nilienda sokoni na wenzangu hujui nani alitangulia kuingia. Lakini kwenye uandishi wa kitaaluma anayetajwa kabla ya "na wenzake" ni mwandishi wa kwanza kweli, na kwenye fani za afya wa kwanza ndo aliyeibeba kazi mgongoni, wa mwisho ni mkubwa anayeisimamia, wa katikati ni sisi wengine. Ukijitoa nafasi ya 6 ukajiweka ya 1 umemvua mtu nguo yake ukaivaa, hata kama hukukusudia, na anayesoma CV hana namna ya kujua hukukusudia.

Kwangu mimi hili ndo kosa lililomwangusha, hayo mengine yangesameheka. Kichwa cha MACHAPISHO kingesameheka, wanafunzi wengi wanafanya hivyo, jopo linaguna linaendelea. Kutojua 581 pia kungesameheka kama mstari ungesema yeye alikuwa wa 6 kati ya 13 na kazi yake ilikuwa sampuli, maana hapo asingeulizwa ya vinasaba, angeulizwa ya sampuli, na ya sampuli anaijua kuliko wote waliokuwa kwenye ile Zoom. Makosa yalishikana mikono. Jina lililosogezwa mbele ndo lililoleta swali la mwenye kazi.

Hapo tukabishana kidogo, maana yeye baada ya kuumia alitaka kufuta kila kitu abaki na ile ya chuo peke yake. Nikakataa. Abstrakti ni kitu halali kwenye CV ya mwanafunzi, tena mwanafunzi ndo anayeihitaji zaidi, profesa mwenye pepa 80 ndo anaweza kuziacha. Wengine wanaona aibu kwamba abstrakti yao haikuwahi kuwa pepa kamili. Kuna uhakiki wa Cochrane (wale wanaojumlisha tafiti za afya) wa 2018 uliokusanya abstrakti zaidi ya 300,000 ukakuta zilizoishia kuwa pepa kamili ni kama asilimia 37 tu. Kwa hiyo kuwa na abstrakti isiyokuwa na pepa ndo hali ya kawaida duniani, siyo uzembe wako. Tatizo ni kuiita pepa. Pepa imepita kwa wahakiki wameichambua mbinu, namba, majedwali yote, abstrakti ni maneno kama 250 au 300 ambayo kamati imeyasoma ikaona yanafaa kuletwa mkutanoni. Kuna utata kidogo kwa mikutano ambayo abstrakti zake zinatoka kwenye toleo la nyongeza la jarida, mfano ile ya ASTMH, chama cha tiba ya tropiki cha Marekani, abstrakti zake huwekwa kwenye nyongeza ya jarida lake, unapata kabisa na namba ya juzuu. Mtu anaona jina la jarida anasema si nimechapisha! Umechapisha abstrakti. Andika juzuu na ukurasa kama upo, na andika neno abstrakti palepale, hakuna atakayekunyang'anya kitu.

Basi tukabadilisha kichwa. MACHAPISHO tukakitoa kabisa, maana hana bado, na nafasi tupu haina dhambi. Tukaweka "Abstrakti na mawasilisho kwenye makongamano".

Mstari wa tano ukapanda ukawa wa kwanza. Nilimlazimisha. Ile kazi ya akina mama 38 aliiwaza yeye, dodoso kaandika yeye, kawahoji yeye, kawakuta wanaogopa kijicho mimba ikijulikana mapema, na wengine wanachelewa kwa sababu kliniki inataka waje na mume na mume hayupo, mpaka wakatafute barua serikali ya mtaa. WHO tangu 2016 inasema mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 na mahudhurio yafike 8, sasa huyu mtoto ana majibu ya kwa nini haiwi hivyo mtaani kwao, halafu kaificha chini kwa sababu ukumbi ulikuwa wa chuo! Jopo linatafuta mtu anayeweza kuanzisha swali na kulimaliza. Hiyo ndo ilikuwa imekaa mkiani.

Mstari wa kwanza na wa pili tukauunganisha, kazi ni moja. Majina yote 7 kwa mpangilio uleule wa kitabu, lake likawekwa herufi nzito palepale lilipo kwenye nafasi ya 3, halafu: bango, kongamano la kwanza, mwezi na mwaka, aliyewasilisha ni yeye. Chini yake kwa kifupi: iliwasilishwa pia kwa mdomo Nairobi, na mwandishi mwenza. Najua kuna watu wanaziandika mbili na si uongo kwa sababu mikutano ni miwili kweli, ila kwa mwanafunzi mwenye mistari michache inaonekana kama anajazia maji kwenye maziwa. Na hilo la nani aliwasilisha watu hawaliandiki kabisa, wakati kusimama mbele ya bango ukapigwa maswali na watu usiowajua ni kazi kubwa kuliko kuwa jina la 4 kwenye kitu kilichowasilishwa na mwingine.

Wa nne tukaufuta. Iliyotumwa bila kujibiwa ni barua tu, siyo abstrakti ya kongamano. Wengine wanaandika "imetumwa", kwa pepa kamili sina neno, kwa abstrakti naona ni utoto. Nitasahihishwa.

Wa tatu ndo ulitutoa jasho, chai ikapoa.

Vigezo vya uandishi vinavyotumiwa na majarida mengi ya tiba ni vile vya ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyoanzia Vancouver 1978. Viko vinne na unatakiwa uvitimize vyote: uwe umechangia kwa maana kwenye wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au umeihakiki rasimu kwa kina, uwe umeridhia toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima, hiki cha mwisho kiliongezwa 2013. Kwa hiyo ukivisoma harakaharaka binti hana haki ya kuwepo, alikusanya sampuli tu, alistahili kushukuriwa pale mwisho. Mi mwenyewe ndo nilivyomwambia mwanzoni. Ila vigezo hivyohivyo vinasema, na watu hawafiki kuusoma huu mstari, kwamba aliyetimiza kigezo cha kwanza anatakiwa apewe nafasi ya kushiriki kuhakiki na kuridhia rasimu. Huwezi kumnyima mtu rasimu halafu ukasema hakuisoma kwa hiyo si mwandishi. Na hapa nitasema linalonikera miaka yote: manesi na wakusanya data ndo wanaoachwa hivyo, ama jina linakosekana kabisa, ama linawekwa kama zawadi ya sikukuu bila rasimu, na vyote viwili vinamwacha uchi siku ya usaili. Daktari wa zamu ambaye hakuwahi kufika fildi atatumiwa rasimu, nesi aliyechoma vidole 400 atatumiwa linki.

Tukaamua hivi. Jina lipo hadharani, kulificha hakusaidii, mtu akigoogle atalikuta. Ila lisikae kwenye CV mpaka binti aweze kuizungumzia kazi hiyo dakika 5 bila kushika karatasi, na kabla ya hapo amwandikie kiongozi wa maabara. Alikuwa anaogopa, anaona kama anakosa adabu. Tukaandika pamoja ujumbe mfupi: Shikamoo Dokta, nakushukuru sana kwa kunijumuisha kwenye abstrakti ya vinasaba. Naomba kama kuna rasimu ya pepa kamili niisome na nitoe maoni, hasa sehemu ya ukusanyaji wa sampuli, maana nilikuwepo. Mwisho. Hakuna kulaumu, hakuna kuomba nafasi.

Wakati tunasubiri jibu tukakutana na kitu kingine kidogo ila kibaya. Kwenye abstrakti hizi jina lake liko namna tatu. Sisi majina yetu ni la kwako, la baba, la babu, mifumo ya kizungu inataka jina la mwisho, sasa aliyejaza fomu ya Nairobi kaweka la baba, aliyejaza ya Marekani kaweka la babu, na ya chuo kaandika mwenyewe herufi moja ya babu katikati. Ukilitafuta kama lilivyo kwenye cheti chake unapata moja tu. Mjumbe wa jopo akifanya hivyo anadhani mbili umezitunga. Tukamfungulia ORCID palepale, bure, inakupa namba ya tarakimu 16 inayokaa na wewe hata majina yakivurugika, akaziingiza kazi zake mle na namba ikakaa juu ya CV chini ya barua pepe. Na akachagua namna moja ya kuandika jina lake kuanzia siku hiyo, ile ya cheti, akaituma kwa supavaiza na kwa kiongozi wa maabara, "naomba litumike hivi".

Dokta alijibu siku ya tatu. Tena kwa kushangaa, eti kumbe ungependa kuisoma? Akatuma rasimu, kurasa 19, na muda wa wiki mbili. Binti akaja tena kwangu na daftari limejaa maneno, tukakaa na yale ya 540 na 581 mpaka akaweza kunieleza mimi kama anamfundisha mama yake. Ila kilichonifurahisha siyo hicho. Kwenye jedwali la kwanza, mstari wa akina mama ambao sampuli zao hazikutumika kwa sababu karatasi ilipata unyevu, rasimu ilisema 14. Akasema hapana dada, ilikuwa msimu wa masika, kuna siku moja peke yake tulipoteza zaidi ya hizo, begi lililowa kwenye daladala. Akaenda kwenye daftari lake la fildi la mwaka ule, daftari la kaunta la mistari, akahesabu kwa kidole. 41. Mtu aliyechapa aligeuza tarakimu.

Akamwandikia Dokta, akaambatisha picha ya kurasa tatu za daftari. Jibu lilikuja na maneno manne, "Uko sahihi kabisa, ahsante", na asubuhi yake rasimu mpya ikatumwa kwa waandishi wote 13, jedwali limerekebishwa.

Pepa sasa iko kwa wahakiki. Kwenye CV mstari wa tatu umerudi, majina yote 13, lake zito kwenye nafasi ya 6, bila jina la jarida kwa sababu halijakubali bado, na chini yake nusu mstari: ukusanyaji na utunzaji wa sampuli, uhakiki wa rasimu. Maombi mengine yanafungwa mwezi ujao. Juzi kaniuliza kama aongeze pia kwamba alipeleka sampuli kwa daladala, nikamwambia hiyo uiache watakuuliza wenyewe.